Marijani ni mume au mke? Jinsia ya matumbawe na maneno ya kuielezea

Sisi wanafunzi wa lugha ndio tunaoombwa kutafsiri somo la sayansi, kipindi cha redio au kitabu cha shule ya sekondari. Neno moja likiwekwa vibaya, fundisho zima hupinda. Katika makala haya nachukua mfano ulio mbali na maziwa na mito yetu, yaani jinsia ya matumbawe, kwa sababu unaonyesha kwamba mfasiri hawezi kuchagua neno kabla ya kujua kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Tuanze na jina. Kiswahili kina maneno mawili. Matumbawe ni yale yanayojenga miamba ya baharini, na kwa mawe yake watu wa pwani walijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Marijani, neno lililotoka Kiarabu, ni ile nyekundu inayotobolewa kuwa shanga. Kifaransa kina neno moja tu kwa vyote viwili, corail. Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kifaransa lazima aulize kila mara: corail gani? Kwa habari ya jinsia, swali hilo lina uzito mkubwa.

Wataalamu wa Ulaya wenyewe walichelewa kujua marijani ni kitu gani. Mwanzoni mwa karne ya 18, Luigi Ferdinando Marsigli aliona vitu vyeupe vyenye ncha nane vikifunguka juu ya tawi la marijani, akaviita maua. Katika miaka ya 1720, Jean-André Peyssonnel, daktari wa Marseille, alieleza kwamba "maua" hayo ni wanyama, lakini wakubwa wa sayansi huko Paris hawakumkubali upesi. Neno "ua" lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Leo tunajua kwamba kila "ua" ni polipi, mnyama mdogo mwenye mdomo, tumbo na mikono ya kukamatia chakula. Polipi wa kwanza huchipusha wa pili, wa pili huchipusha wa tatu, nao hubaki wameungana. Kundi zima lililo juu ya tawi moja hutoka kwa mtoto mmoja, kwa hiyo wote wana urithi uleule wa ADN. Sarufi yetu inatudai uamuzi hapo: polipi *amekufa*, lakini shanga ya marijani *imevunjika*. Kifaransa hakimsumbui mwandishi kwa jambo hilo.

Sasa tuingie katika jinsia. Marijani nyekundu ya Bahari ya Mediterania, ambayo wanasayansi huiita Corallium rubrum, ina makundi ya kiume na makundi ya kike. Kundi la kiume hutoa mbegu majini. Mbegu hizo huingia kwa polipi wa kike, mayai yanatungishwa ndani ya mwili, na watoto hutoka wakati wa kiangazi wakiwa tayari kuogelea. Kwa macho huwezi kutofautisha tawi la kiume na la kike. Ni lazima kumpasua polipi katika majira ya uzazi na kutazama kwa darubini kama amebeba mayai au mbegu.

Swali lilikuwa hili: ni nini kinachoamua kundi liwe la kiume au la kike? Kwa mwanadamu tunajua jibu. Mama ana kromosomu mbili za X, baba ana X na Y. Mama hutoa X kila mara, baba hutoa X au Y, na mtoto anayepokea Y kwa kawaida huwa wa kiume. Kwa ndege mambo hugeuka: jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kuna na viumbe ambavyo jinsia yao huamuliwa na joto. Jambo hilo lilionekana huku kwetu Afrika, mjini Dakar, pale Madeleine Charnier alipoandika mwaka 1966 juu ya mayai ya mjusi Agama agama.

Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walitangaza jibu juu ya marijani. Walisoma ADN ya makundi 354 kutoka sehemu 12, na kati yake makundi 53 yalikuwa yamekwisha kutambuliwa jinsia kwa kutazamwa. Wakakuta vipande 435 vya ADN vilivyomo kwa makundi ya kiume tu. Hoja yao ni rahisi kufuata. Kama kipande kimo kwa wanaume wote na hakimo kwa mwanamke hata mmoja, basi kimekaa mahali ambapo mwanamume peke yake anapo, yaani kwenye kitu kama Y. Kama vipande hivyo vingekuwa kwa wanawake tu, tungesema marijani inafuata njia ya ndege. Hivyo walihitimisha kwamba marijani hii inafuata mpango wa XX na XY. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: herufi zile ni majina ya mpango tu. Y ya marijani haikurithiwa kutoka mahali pamoja na Y yetu. Njia mbili zisizojuana zimefika kwenye kituo kimoja.

Je, tuandike basi kwamba "matumbawe yana kromosomu za jinsia"? Hapana. Matumbawe mengi yanayojenga miamba, kama jamii ya Acropora inayopatikana pia pwani ya Tanzania na Kenya, yana jinsia zote mbili pamoja. Polipi mmoja hutengeneza mayai na mbegu, akavifunga katika furushi moja na kuliachia usiku. Hapo kromosomu ya kutenga mume na mke haina kazi. Tena kuna matumbawe yenye umbo la uyoga, ambayo polipi wake huishi peke yake bila kushikamana na mwamba. Mwaka 2008 Yossi Loya na Kazuhiko Sakai, waliofanya utafiti huko Okinawa, Japani, walieleza kwamba wadogo huwa wa kiume na wakubwa huwa wa kike, na kwamba aina moja, Ctenactis echinata, inaweza hata kurudi kutoka uke hadi ume. Yai hudai nguvu nyingi kuliko mbegu, kwa hiyo mwenye mwili mdogo hupata nafuu akiwa wa kiume.

Tofauti hizi si za maktaba tu. Marijani hukua polepole mno: unene wa tawi huongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka. Imevunwa kwa karne nyingi, na joto kali la mwaka 2003 liliua mengi katika Mediterania. Anayetaka kulinda yaliyobaki anahitaji kujua kama mahali fulani wamebaki wa kiume na wa kike wa kutosha kuzaana, na alama zile za ADN humwezesha kutambua wa kiume hata nje ya majira ya uzazi. Mtu akitumia ujuzi huo kwa matumbawe ya uyoga, atakosea hesabu, maana wa kiume wa leo huenda akawa wa kike kesho.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wenzangu tunaotafsiri. Kwanza, tutaje aina: marijani nyekundu, matumbawe ya uyoga, Acropora. Pili, tuseme mwenye jinsia ni nani, polipi au kundi. Tatu, tutenganishe "kuwa wa kiume" na "kurithi ume", kwani la kwanza ni hali na la pili ni asili ya hali hiyo. Sentensi sahihi ingekuwa hivi: "Katika marijani nyekundu, kila kundi kwa kawaida ni la kiume au la kike, na jinsia hiyo hurithiwa." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwanafunzi wa sekondari atakayeisoma hatahitaji kufundishwa upya.