Makombo si taka, lakini israfu ni israfu
Jamani, sinia za biriani zinazorudi nusu harusini zanitia uchungu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, Marekani, makombo hawayaachi yaende bure. Tangu 2009 yale ya mabwalo ya chakula huchanganywa na vipande vya mbao, yakatiwa ndani ya mtambo uliofungwa. Vijidudu huyala, joto likapita nyuzi 55, viini vya maradhi vikafa. Mwisho hupatikana mboji ya kurutubisha bustani za chuo. Yangefukiwa jaani, yangetoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia.

Wanangu mlio vyuoni, makombo tieni kwenye pipa lake, plastiki mbali. Lakini kwanza pakueni kiasi: mboji haifuti israfu.