Kibodi ya kazi isiyopiga kelele: angalia chini ya vitufe, sio taa

Mtu anayefanya kazi kwa mteja wa Marekani akiwa Dar es Salaam mara nyingi huanza zamu wakati wenzake wanalala. Saa 3 usiku Dar, New York bado ni mchana. Kama amepanga chumba kimoja, mtoto amelala hatua mbili kutoka mezani, na ukuta wa jirani hauzuii hata kikohozi. Kibodi ikimwamsha mtoto, kazi inasimama.

Kibodi tulivu si lazima iwe ghali. Mara nyingi zile za bei ya chini, za kawaida kabisa, ndizo zenye sauti ndogo. Zinazopiga kelele zaidi zipo kati ya zile zenye taa za rangi rangi, ambazo wauzaji huziweka mbele dukani.

Sababu iko chini ya vitufe. Kibodi nyingi za ofisini zina karatasi za plastiki zenye njia za umeme, na juu yake vikombe vidogo vya mpira. Kitufe kikibonyezwa, kikombe kinabonyea, karatasi zinagusana, na kompyuta inapata herufi. Mpira humeza sehemu kubwa ya kishindo. Hizi ndizo zinazokuja na kompyuta nyingi za mezani za Dell na HP, na Logitech K120 ni ya ukoo huo huo.

Aina ya pili ina vitufe vifupi kama vya laptopu. Nazo huwa na mpira, lakini kila kitufe kinashikiliwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Kitufe hakiyumbi, na kinashuka kidogo tu, kama milimita 2 hivi. Kikishuka kidogo, kishindo nacho kinapungua. Anayepiga vitufe kwa nguvu, kama waliojifunzia taipureta, anaweza kuhisi anagonga meza. Lakini kwa kazi ya usiku, hii ndiyo ya kuijaribu kwanza.

Halafu kuna za mekanika. Hapa kila kitufe kina swichi yake yenye springi, na kinashuka karibu milimita 4 kabla plastiki haijagonga plastiki. Zinadumu, na wanaoandika siku nzima wengi wanazipenda. Kwenye kelele, kila kitu kinategemea rangi ya swichi. Katika mpangilio wa rangi uliozoeleka kupitia kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ambao watengenezaji wengine wengi wameuiga, swichi ya bluu imetengenezwa makusudi itoe mlio wa “tik” kila inapobonyezwa. Nyekundu haina mlio huo, ingawa bado inagonga ikifika chini. Zipo pia zenye vipande vya mpira ndani vya kupunguza kishindo, nazo ni tulivu kweli, ila kwa kawaida bei yake inapanda.

Kwa hiyo muuzaji akisema “hii ni mekanika, bei poa”, swali la kwanza ni rangi ya swichi. Na kuna nyingine zimepambwa taa kama za gemu wakati ndani ni mpira tu. Mnunuzi hapo analipia taa.

Kujaribu dukani kuna ugumu wake. Kariakoo peke yake ina kelele za kutosha kufunika kibodi yoyote. Dawa ni kuinamisha sikio karibu na kubonyeza vitufe virefu: spesi, Enter, Shift na Backspace. Chini ya vitufe hivi mara nyingi kuna waya unaovifanya vishuke sawasawa, na ukikaa vibaya, unacheza. Spesi ibonyezwe kushoto, katikati na kulia. Ikilia kama sarafu ndani ya kopo, irudi kwenye rafu, hata kama herufi nyingine zote ni kimya. Hiyo spesi ndiyo itakayobonyezwa baada ya kila neno.

Anayenunua iliyotumika, zile zinazokuja na kompyuta za mitumba kutoka Ulaya, aangalie herufi kabla ya kuuliza bei. Kibodi ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Ya Kifaransa, ambayo watu wa Kongo na Burundi wameizoea, ina A mahali pa Q. Ya Uingereza haisumbui kwenye herufi, ila alama ya @ imehama. Mpangilio unaweza kubadilishwa kwenye mipangilio ya kompyuta, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki vile vile, na anayeandika huku anatazama vitufe atapotea.

Waya au bila waya? Kwa hela ndogo, waya. Hakuna betri wala chaji, na hela inayobaki inaweza kwenda kwenye kibodi yenyewe. Nyingi za bila waya hutumia kidude kidogo cha USB, na kikipotea, kibodi inaweza kuwa haina kazi tena. Za Bluetooth hazina shida hiyo.

Kuna kelele nyingine ambayo mwenyewe haisikii: ile inayowafikia wenzake kwenye kikao cha mtandaoni. Maikrofoni ya laptopu iko karibu na vitufe vyake, hivyo kila herufi inasikika upande wa pili. Kibodi ya nje inasaidia hata kama si tulivu sana, kwa sababu mikono inakaa mbali na maikrofoni. Zoom, Google Meet na Teams nazo zina sehemu ya kupunguza kelele. Ikiwashwa, sauti ya vitufe hupungua.

Meza nayo inachangia. Meza ya mbao nyepesi inapokea kishindo na kukikuza kama ngoma. Taulo dogo au kipande cha kapeti chini ya kibodi hupunguza sauti papo hapo, na hilo ni la kujaribu kwanza kwa mwenye kibodi ya kelele ambaye bado hana hela ya nyingine.

Asiye na kompyuta naye hajaachwa. Simu nyingi za kisasa hukubali kibodi ya Bluetooth, na baadhi hukubali ya USB kupitia kiunganishi kidogo. Logitech K380, kwa mfano, inaunganishwa na vifaa vitatu, na mtumiaji anahama kutoka simu kwenda laptopu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Vitufe vyake ni vifupi, vya aina ya mkasi.