Kabla ya kuligeuza gari lako kuwa 'fo-wili', piga hesabu mara mbili

Na MWANDISHI WETU

MVUA inapoanza kunyesha katika nyanda za Kaputiei, mkazi wa Isinya huwa na njia mbili za kufika nyumbani: kuliacha gari kando ya lami na kutembea viatu mkononi, au kujaribu bahati yake na kuishia kutafuta trekta.

Mji huu ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi-Namanga, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, umewavutia watu wengi walionunua vipande vya ardhi mbali na barabara. Lami ipo, ile ya kuelekea Namanga na ile ya kwenda Kiserian. Lakini hatua chache tu kutoka hapo huanza udongo mweusi ambao wenyeji wameuzoea kwa jina la 'bleki kotoni'.

Wengi wa wakazi hao wana magari ya mitumba kutoka Japan yenye umbo la magari ya porini, kama vile Toyota RAV4, Honda CR-V na Toyota Harrier. Kasoro hugunduliwa msimu wa kwanza wa mvua, mwenye gari anapobaini kwamba licha ya umbo hilo la kifahari, ni magurudumu mawili tu yanayopokea nguvu za injini.

Hapo ndipo swali huzuka: Je, gari kama hilo linaweza kugeuzwa likasukumwa na magurudumu yote manne, yaani 'fo-wili', bila mwenyewe kufilisika?

Jibu ni kwamba linaweza. Hata hivyo, aghalabu kazi hiyo hugharimu zaidi ya kuliuza gari na kununua jingine la aina iyo hiyo lililotoka kiwandani likiwa fo-wili. Ni muhimu basi mwenye gari aelewe kinachohusika kabla ya kumkabidhi fundi funguo.

UDONGO WENYEWE

Udongo mweusi wa Isinya ni mfinyanzi wa aina inayofura inapolowa maji na kupasuka nyufa inapokauka. Ukilowa huteleza kama sabuni na kunata kama gundi. Matairi yakishazunguka mara kadhaa, mifereji yake hujaa tope na kuwa kama tairi kipara. Tope jingine hujikusanya chini ya bodi hadi magurudumu yakashindwa kuzunguka.

Tatizo la pili ni difu. Kifaa hiki huyawezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likikosa mshiko, hilo ndilo linalozunguka bure ilhali mwenzake aliye pakavu hutulia tuli.

Kwa hivyo, katika matope gari la magurudumu mawili yanayosukuma huwa kama lina moja tu. Na lile la manne lisilo na kifaa cha kufunga difu laweza kubaki na mawili, moja mbele na moja nyuma. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini si muujiza.

TAMBUA GARI ULILO NALO

Wanaopanga kununua gari wanaweza kujiepusha na masaibu haya kwa kusoma namba ya chasisi. Magari ya Japan hutofautishwa kwa namba hizo hata pale ambapo kwa macho yanafanana kama shilingi kwa ya pili.

Toyota RAV4 ya injini ya lita 2.4 yenye namba ACA31 ni fo-wili, lakini ACA36 ni ya magurudumu mawili. Harrier ya ACU30 ni ya mawili, na ACU35 ni ya manne. Kwa upande wa Honda CR-V, RD4 na RE3 ni za mawili ilhali RD5 na RE4 ni za manne.

Kama bado una shaka, inama uchungulie chini ya gari. Fo-wili ya aina hii huwa na propela ndefu inayotoka kwenye giaboksi hadi difu ya nyuma. Usipoiona, usidanganywe na maandishi yaliyobandikwa mlangoni.

KINACHOHITAJIKA

Magari haya yana injini iliyolazwa kukingama na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ili kuyageuza, si propela na difu pekee zinazohitajika.

Kwanza, giaboksi yenyewe hubadilishwa, kwa kuwa ile ya magurudumu mawili haina mahali pa kutolea nguvu za kwenda nyuma. Pili, huhitajika propela na vishikilio vyake, difu ya nyuma, shafti mbili za magurudumu ya nyuma na habu zenye tundu la kupokea shafti hizo. Tatu, huenda fremu inayobeba difu, bomba la moshi na hata tangi la mafuta vikahitaji kubadilishwa, maadamu tangi la fo-wili mara nyingi huwa na umbo linaloipisha propela katikati.

Nne ni umeme. Katika RAV4 ya kizazi kilichoanza mwaka wa 2005, nguvu hupelekwa nyuma kwa amri ya kompyuta. Bila kompyuta hiyo na nyaya zake, propela itazunguka lakini magurudumu ya nyuma hayatasukuma chochote. CR-V za RD5 na RE4 ni afadhali kidogo, kwa sababu difu yao ya nyuma hutumia pampu mbili za mafuta zinazojiendesha zenyewe magurudumu ya mbele yanapoteleza.

Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hawapendi kuokota kipuri hapa na kingine pale. Njia ya nafuu ni kununua gari zima la aina, mwaka na injini iyo hiyo, lililo fo-wili na lililopata ajali ya mbele au ya ubavuni, kisha kulichinja. Hapo utapata kila bolti, kishikilio na waya, na utakavyosaza utauza.

PIKAPU NA UWIANO WA DIFU

Wenye pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma wana kazi tofauti. Wao huhitaji giaboksi yenye sanduku la kugawa nguvu, difu ya mbele, propela fupi, shafti na habu za mbele. Lakini pikapu nyingi za magurudumu mawili huwa chini kuliko za manne na springi zake za mbele ni za muundo mwingine. Kukata na kuchomelea chasisi ili difu ipate nafasi ni kuhatarisha maisha, hasa kwenye barabara ya Namanga yenye malori mengi.

Kosa linaloua magari mengi yaliyogeuzwa ni uwiano wa difu. Difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, ekseli moja hutaka kukimbia kuliko nyingine na nguvu hujifunga kwenye mfumo mzima hadi kitu kivunjike. Vivyo hivyo kwa matairi: yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika kwa kiasi kinachokaribiana.

Kuna njia rahisi ya kuupima uwiano wa difu ya kawaida ya pikapu. Tia giaboksi katika nyutro, weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, kisha inua gurudumu moja la nyuma huku jingine likiwa limekanyaga chini. Lizungushe mara mbili kamili na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na kidogo, huo ndio uwiano wako.

HESABU YA MFUKO

Tuchukue mfano wa kukisia tu, usio bei ya soko. Gari la kuchinja ni Sh350,000, ufundi Sh80,000, na mafuta, raba na vikorokoro vingine Sh40,000. Jumla ni Sh470,000. Ukiuza masalio kwa Sh100,000, umetumia Sh370,000.

Ikiwa tofauti ya bei kati ya gari lako na fo-wili ya mwaka uo huo ni Sh200,000, umepoteza Sh170,000 na wiki kadhaa za kwenda kazini kwa matatu. Fauka ya hayo, gari litakuwa zito zaidi, litakunywa mafuta zaidi, na mnunuzi wa kesho atalitilia shaka. Piga hesabu hiyo kwa bei halisi ulizopewa. Ni pale tu jumla inapokuwa chini ya tofauti hiyo ambapo kazi ina maana.

Usisahau sheria. Maelezo ya gari yaliyo kwenye cheti cha usajili hayana budi kulingana na gari lenyewe, na mabadiliko yanapaswa kufikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi. Mwenye kuficha hujipa hasara siku ya ajali.

KAZI HII SI NGENI

Kugeuza magari si ndoto za jua kali. Nchini Marekani, kampuni ya Marmon-Herrington ilianza kuyageuza malori ya Ford kuwa fo-wili katika miaka ya 1930. Ufaransa nayo ilikuwa na Dangel, iliyoonyesha Peugeot 504 ya magurudumu manne mwaka wa 1980. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na viwanda na vipimo, na walirudia kazi ile ile kwa mamia ya magari. Fundi wako atakuwa akijifunza kwa gari lako.

Lakini Wakenya pia wana ushahidi wa upande wa pili. Joginder Singh alishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1965 akiwa na Volvo PV544, kisha mwaka wa 1974 na 1976 akaendesha Mitsubishi Lancer. Yote yalikuwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Fo-wili haikushinda Safari hadi mwaka wa 1987, wakati Hannu Mikkola alipotwaa taji kwa Audi 200 quattro.

Funzo lake ni kwamba matairi, dereva na vifaa huweza kufidia mengi. Kwa sehemu ndogo ya gharama ya kugeuza gari, mkazi wa Isinya anaweza kununua matairi ya matope yenye mifereji mipana, minyororo ya kufunga kwenye magurudumu yanayosukuma, koleo, mbao mbili imara na kamba ya kuvutia. Minyororo ivuliwe kabla ya kuingia kwenye lami. Mwenye pikapu aongeze mzigo nyuma ili magurudumu yapate uzito. Na gari likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa bure ni kujichimbia kaburi.

Mafuriko yaliyokumba Kitengela mwanzoni mwa Mei 2024 yalionyesha pia kwamba maji yakishaivamia njia, idadi ya magurudumu haina maana. Usiingie katika mto usioujua kina.

Hatimaye, majirani kumi wanaofikiria kila mmoja kugeuza gari lake wangefaa kukaa chini kwanza na kujumlisha fedha hizo. Huenda zikatosha kuchimba mitaro, kutia kalavati na kumwaga maramu kwenye kipande kibovu zaidi. Fo-wili humfikisha nyumbani mwenye gari peke yake. Njia nzuri humfikisha pia mwanafunzi, bodaboda na mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini usiku wa mvua.