Baga bila nyama? Onja, lakini usisahau madondo

Umealikwa kwenye mkahawa mpya wa baga zisizo na nyama, maziwa wala mayai? Nenda, usiogope. Nilijaribu mmoja hapa Nairobi wikendi. Baga ya maharagwe ilinishangaza: nje imekauka vizuri, ndani laini. Mfuko ndio uliolia. Pesa hizo zingekupa sahani tatu za chapo madondo kibandani, na madondo pia si nyama.

Tena usidanganyike kwamba ni chakula cha afya. Chipsi ni chipsi; mafuta na chumvi ni vilevile. Na ukiamua kuacha nyama, maziwa na mayai kabisa, uliza daktari kuhusu vitamini B12, maana mboga na maharagwe hazikupi.

Mimi? Nitarudi mwisho wa mwezi. Siku zingine niko kwa mama wa githeri.