Kifaa cha Kuchomeka Ukutani Hakipunguzi Tokeni

Swali ambalo mafundi wa umeme wa Kitale na Bungoma wameulizwa kupita kiasi ni kuhusu kifaa kipi cha kupunguza matumizi ya umeme kinachofaa kununuliwa. Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu linachukulia kwamba kipo kinachofaa, ilhali hakuna. Kisanduku hicho cha plastiki, ambacho huchomekwa kwenye soketi na kuuzwa kwa ahadi ya kupunguza tokeni kwa thuluthi au hata nusu, hakimwokolei mteja wa nyumbani uniti hata moja, na anayekinunua hupoteza fedha ambazo zingemnunulia umeme wenyewe.

Ndani ya kisanduku hicho kwa kawaida mna kapasita ndogo, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi sana na kuirudisha, pamoja na taa ya kuonyesha kwamba kimewashwa. Ni kweli kwamba kapasita inaweza kupunguza mkondo unaovutwa na mota, iwe ya feni, ya friji au ya mashine ya kusaga posho, lakini kutokana na ukweli huo hutolewa hitimisho la uongo. Mota huhitaji nguvu za aina mbili: nguvu halisi, ambayo hufanya kazi na hupimwa kwa wati, na nguvu rejeshi, ambayo hujenga uga wa sumaku ndani ya mota kisha ikarudi kwenye waya bila kufanya kazi yoyote. Nguvu rejeshi ni kama lori tupu linaloenda na kurudi kati ya Kitale na Webuye, ambalo huongeza msongamano barabarani lakini halifikishi gunia hata moja la mahindi. Mita ya nyumbani huhesabu magunia, si malori, kwani uniti moja ni kilowati-saa moja ya nguvu halisi, yaani wati 1,000 zinazotumika kwa saa nzima.

Hapo ndipo onyesho la muuzaji linapoporomoka. Muuzaji huwasha mota, akapima mkondo kwa amita, akachomeka kifaa chake, na wanunuzi wakaona namba ikishuka. Chukua mota inayovuta ampea 2 kwa volti 240 na ambayo kigezo chake cha nguvu, yaani sehemu ya mzigo wote ambayo ni nguvu halisi, ni 0.6. Mota hiyo hutumia wati 288. Kapasita iliyopimwa barabara ingeushusha mkondo hadi ampea 1.2, lakini 1.2 mara 240 bado ni wati 288. Amita imeonyesha mabadiliko, ilhali mita inayotoza fedha haikuona tofauti yoyote, na muuzaji anayekionyesha kipimo cha kwanza bila kukionyesha cha pili anawapotosha watu.

Kwa pasi, birika la umeme na hita ya maji ya bafuni, hata mkondo wenyewe haupungui, kwa kuwa vifaa hivyo hugeuza karibu nguvu yote kuwa joto na havina nguvu rejeshi ya kusahihishwa. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 ikichemshwa Kitale, ambako kwa sababu ya mwinuko wa takriban mita 1,900 maji huchemka karibu na nyuzi 94, huhitaji takriban uniti 0.09, na hakuna kifaa cha ukutani kinachoweza kupunguza joto ambalo maji yenyewe yanalidai.

Kapasita ina mahali pake. Viwanda vikubwa hutozwa pia kwa mzigo wa juu kabisa uliofikiwa, unaojumuisha nguvu rejeshi, na huadhibiwa kigezo chao cha nguvu kikishuka chini ya 0.9, kwa hiyo hufunga kapasita kubwa zilizokokotolewa na wahandisi. Kuichukua faida hiyo ya kiwanda na kumuuzia mteja asiyetozwa nguvu rejeshi ni ulaghai. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ilikwisha kulichambua jambo hili mwaka 2009, na hakuna sababu ya kuendelea kulijadili kana kwamba ni fumbo.

Wapo wanaoapa kwamba kifaa kiliwasaidia, lakini tokeni hubadilika kwa sababu nyingine. Kwa bei za umeme za Kenya zilizoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani hugawanywa katika ngazi za hadi uniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100 kwa mwezi, kufuatana na wastani wa miezi mitatu, kwa hiyo majirani wawili wenye shilingi zilezile huweza kupata uniti tofauti. Gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na mabadiliko ya fedha za kigeni nazo hurekebishwa kila mwezi.

Yanayosaidia ni machache na yanajulikana. Balbu ya wati 60 inayowaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa siku 30, ilhali ya LED ya wati 9 hutumia 1.35. Hita ya bafuni ya wati 5,000 humaliza uniti 0.83 kwa dakika 10, basi muda wa kuoga ufupishwe. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja, mpira wa mlango wa friji uliolegea ubadilishwe, na friji mpya ichaguliwe kwa nyota za lebo ya nishati. Tokeni zikiendelea kwisha haraka, vifaa vyote vichomolewe au vizimwe, pamoja na taa, kisha taa ya mita inayopepesa itazamwe: ikiendelea kupepesa, swichi kuu izimwe. Ikikoma hapo, huenda umeme unavuja katika nyaya za nyumba, na aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Isipokoma, malalamiko yapelekwe Kenya Power, na yasipotatuliwa yafikishwe EPRA. Mita isichezewe kamwe, kwani ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019.

Mwenye kifaa hicho cha ukutani nyumbani na akichomoe leo, kwa maana hata taa yake ndogo inatumia umeme anaoulipia.