Joto la ghafla usiku ukiwa na miaka 45 na zaidi: Si kila mara ni malaria

Mama wa miaka 48 anashtuka saa nane usiku, kanga imelowa jasho, moyo unaenda mbio. Asubuhi anapitia duka la dawa kuchukua dozi ya malaria. Wiki mbili baadaye hali ni ileile, ananunua nyingine. Kumbe hedhi ndiyo inaelekea kukoma.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huvurugika. Kikombe cha chai ya moto tu kinatosha: mishipa inafunguka, jasho linamwagika kama uko juani. Joto hilo hupanda kifuani, shingoni na usoni, kisha hupoa ndani ya dakika chache. Homa ya malaria haiko hivyo. Inaonekana kwenye kipimajoto, na mara nyingi huja na kutetemeka, kichwa na viungo kuuma. Ila usibahatishe, kapime kwanza. Mbu hawaangalii umri.

Dalili nyingine ni hedhi kurukaruka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, na ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liume. Hili la mwisho wengi hulificha, mume naye akadhani amechokwa. Vilainishi vipo, krimu za homoni pia zipo, na hata hilo joto lina dawa. Muulize daktari bila aibu.

Hedhi ikiruka miezi mitatu, usiseme imekoma. Hadi itimie miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia, kwa hiyo usiache uzazi wa mpango.

Na ukishapita mwaka, damu ikitoka tena, hata matone, hiyo si hedhi iliyorudi wala ujana. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama ukuta wa uke kuwa mwembamba. Lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa kizazi, ambayo ikigundulika mapema hutibika vizuri zaidi. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.