Mchanga Usafishao Chuma na Hatari Zake

Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikuta huko majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Unyamwezi na nchi za jirani. Jembe lililima, liliuzwa, na lilitolewa mahari. Adui wa jembe hilo alikuwa kutu, naye ndiye adui wa gari leo.

Chuma kinapokutana na oksijeni na maji hugeuka kuwa oksaidi yenye maji ndani yake. Hiyo ndiyo kutu. Kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hububuka na kuacha chuma kingine wazi. Rangi ikipakwa juu yake haidumu. Hubanduka pamoja na magamba.

Kwa hiyo fundi hana budi kusafisha hadi chuma king'ae. Msasa na burashi ya waya haviingii katika kila pembe ya rimu. Njia ya haraka, ambayo Mmarekani Benjamin Tilghman alipewa hataza yake mwaka 1870, ni kurusha chembe ngumu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Kila chembe hugonga kama nyundo ndogo, hung'oa kutu, na kuacha mikwaruzo ambayo rangi huishika vema.

Katika Tabora, nchi ya miamba ya matale, mchanga u karibu na kila gereji. Lakini mchanga huo una silika nyingi. Chembe zikigonga chuma hupasuka, na vumbi lake, ambalo upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko huleta makovu: ndio ugonjwa wa silikosisi, usio na dawa ya kuuponya, ambao pia hukaribisha kifua kikuu. Kanuni za mwaka 1949 za Uingereza zilipiga marufuku mchanga wa namna hiyo katika kazi hii.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Viwanda hutumia chembe za feleji au mavi ya chuma yaliyosagwa, ndani ya sanduku lililofungwa. Fundi wa nyumbani aweza kuloweka vipande vidogo katika siki usiku kucha, kuvisugua vikiwa vimelowa, kuvisuuza na kuvikausha. Chuma kitupu hushika kutu upesi. Hivyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ipakwe siku ile ile.

Wanafunzi na wajaribu kwa misumari mitatu yenye kutu. Mmoja upakwe rangi hivyo hivyo. Wa pili usafishwe kwa siki, ukaushwe, kisha upakwe. Wa tatu uachwe. Yote iwekwe penye unyevu na kukaguliwa kila juma. Matokeo yaandikwe daftarini.